Hewa ya Mirihi ni mazuku

Mwandishi wa riwaya za anga na mashine akitaka kujua kama kazi yake inasimama, awape vijana wa Goma waisome. Hawatamwonea haya. Ninafundisha fizikia katika sekondari za mji huu, na Jumamosi mchana nakaa na kikundi cha wasomaji kwenye ukumbi mdogo wa parokia. Wadogo wana miaka kumi na miwili, wakubwa wanajiandaa kwa Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Vitabu vyetu karibu vyote ni vya Kifaransa, vimepita mikono mingi, vingine havina tena majalada. Ubishi ni wa Kiswahili, na ubishi ndio unaowaleta, maana soda hatuna.

Kabatini alijaa Jules Verne, basi tulianza na Jules Verne. Ile riwaya yake ya 1864 ya safari ya kwenda kitovu cha dunia ina profesa wa Kijerumani, mpwa wake na kiongozi wa njia. Wanashuka ndani ya volkano iliyozimika kule Iceland, wanasafiri chini ya ardhi, kisha volkano ya Stromboli, Italia, inawatema nje wakiwa hai. Mahali pengine mwalimu angeanza kwa kueleza kreta ni nini. Hapa nilikuwa sijamaliza sura ya kushuka, mkono ukainuka.

"Prof, huyu mzee hana pua?"

Mwenzake akamtetea Jules Verne: kitabu kinasema volkano imezimika, harufu itoke wapi? Akajibiwa palepale kwamba hata yetu huwa wanasema imelala. Nyiragongo, volkano yetu, ni miongoni mwa volkano zinazotoa gesi ya salfa kwa wingi zaidi duniani. Upepo ukiipeleka gesi hiyo upande wa Masisi, mvua inashuka chachu na kuunguza majani ya maharage. Mtoto aliyekulia hapa hamwamini mtu anayeingia kreta bila kukohoa. Ikaja hoja ya joto. Kila kilomita unayoshuka chini ya ardhi, miamba huongezeka joto kwa nyuzi 25 hadi 30 hivi, lakini yule profesa wa kitabuni anashikilia kwamba huko ndani hakuna joto la kutisha. "Aende Kibati kwanza," akasema kijana mmoja, na ukumbi mzima ukacheka. Kibati ndiko wapandaji wa mlima wanakoanzia safari.

Wakati huo wengi wao walikuwa bado wanaikumbuka vizuri jioni ya tarehe 22 Mei 2021, anga ilipogeuka nyekundu na kila familia ikachukua godoro na bidoni na kutoka. Mto wa lava ulifika Buhene, ukakaribia uwanja wa ndege, ukasimama. Siku tano baadaye serikali ya mkoa ikaagiza sehemu kubwa ya mji ihame, kwa sababu magma ilikuwa imeonekana kusogea chini ya mitaa na chini ya ziwa lenyewe, na watu wakajaa barabara ya Sake, na ile ya Rutshuru, na mpaka wa Gisenyi, na meli za Bukavu. Wazazi wao wana kumbukumbu ya 2002, lava ilipokata mji katikati, ikafunika kipande cha uwanja wa ndege na kuingia ziwani. Babu zao wana ya 1977, ile iliyowakuta watu wakikimbia, maana lava ya Nyiragongo ina madini ya silika kidogo, hivyo ni majimaji, na mteremkoni huenda mbio kuliko mtu.

Nilidhani baada ya kukikosoa hivyo wangekitupa kitabu. Ikawa kinyume. Walitaka kujua huyu mzee asiye na pua atatoka vipi. Wakaanza kusoma kwa ukali, kalamu mkononi, wakiandika pembeni kila walipoona mwandishi amekwepa jambo, na walipofika kwenye bahari iliyo chini ya ardhi hawakubisha hata kidogo. Hapo nikaelewa jinsi wanavyopima. Uongo mmoja mkubwa unaruhusiwa, tena wanaudai. Bila huo kwa nini wasome? Vijiongo vidogo ndivyo hawavisamehi. Ukisema kuna bahari chini ya Iceland, sawa. Ukisema mtu kalala juu ya mawe usiku kucha na asubuhi hana hata maumivu ya mgongo, umewapoteza.

Somo la pili lilitoka kwenye mazuku. Kwa msomaji wa mbali: magharibi ya mji, upande wa Bulengo na Mugunga, na hata kwenye baadhi ya viwanja vya Himbi, gesi ya kaboni dayoksaidi hupanda kutoka ardhini kupitia nyufa za lava ya zamani. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hujaa kwenye mabonde na mashimo, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Haina rangi wala harufu. Mbuzi huinamisha kichwa ale majani, hainuki tena. Mtoto mfupi hufa mahali ambapo baba yake aliyesimama wima hajisikii vibaya. Tangu wadogo tunaambiwa tusichuchumae shimoni asubuhi, na ukishuku mahali, shusha moto wa kiberiti: ukizimika, toka.

Sasa tulikuwa na riwaya moja ya wavulana wanaoanguka kwenye Mirihi. Jina lake nalihifadhi, kwa sababu haina ubaya wa pekee. Zimejaa za aina yake. Kofia ya mmoja inapasuka, anashikilia pumzi, anakimbia mita mia tatu hadi chomboni. Nikawaeleza yanayojulikana: hewa ya Mirihi ni kaboni dayoksaidi, asilimia 95. Kimya kidogo, kisha msichana wa mbele akasema, "Basi Mirihi yote ni mazuku."

Kwa mwalimu wa fizikia, sentensi kama hiyo ni mshahara. Kutoka hapo sikuhitaji kusukuma, walijiendea wenyewe. Kiberiti hakiwaki Mirihi, kwa hiyo hakuna moto wa kambi, na kuna picha kwenye jalada la kitabu inayoonyesha moto huo, ikapigwa mstari. Mwingine akauliza kama kule pia gesi inakaa mashimoni. Nikajibu kwamba kule hakuna hewa ya aina nyingine ya kuilinganisha nayo, tena ni nyembamba mno: mgandamizo wake haufiki asilimia moja ya wa kwetu. Akafikiri. "Kwa hiyo kabla mazuku haijakuua, umekwisha kufa kwa kukosa uzito wa hewa." Ndivyo. Maji ya ulimini yangeanza kuchemka. Hakuna kukimbia mita mia tatu.

Nikawasimulia kuhusu MOXIE, mashine ndogo iliyofika Mirihi Februari 2021 ndani ya gari la utafiti la Perseverance. Kazi yake ilikuwa kuvuta hewa ya kule, kuipasha joto la nyuzi 800 na kutoa oksijeni. Hadi ilipopumzishwa mwaka 2023 ilikuwa imetengeneza gramu 122 kwa jumla, kiasi ambacho wahandisi wake walisema kingemtosha mbwa mdogo kupumua saa kumi.

"Waitume Bulengo," akasema yule wa Kibati.

Nikamwambia inataka umeme, na inataka joto kali.

"Joto tuko nalo, Prof."

Nimesoma makala kadhaa za watu wa nje wanaotaka kuwapa watoto wa Kiafrika riwaya za kisayansi "zinazowahusu", na dawa yao ni ileile: mpe shujaa jina la kwetu, mvike kitenge, weka mti wa mbuyu karibu na roketi. (Goma hatuna mbuyu. Tuna mawe meusi.) Mimi niliyoyaona hayakuhusu majina. Wale vijana walimkubali mtoto wa Kijerumani bila shida yoyote. Kitabu kiliwahusu pale sheria za dunia yake zilipogusana na sheria wanazoishi nazo wao. Mirihi ikawa yao siku waliyotambua kwamba wanaijua hewa yake.

Tukafika kwenye jambo la wazazi. Riwaya za vijana zina desturi moja: kumwondoa mama na baba upesi ili mtoto awe huru kusafiri. Chombo kimelipuka, ugonjwa umepita, ajali ya barabarani ukurasa wa pili, kisha shujaa anafuta machozi na kuanza safari. Ni njia rahisi, na waandishi wakubwa wameitumia. Katika ukumbi wetu wapo waliozika wazazi, nami nilikuwa najiandaa kuwafariji sura hizo zikija. Hawakuhitaji faraja. Zilikuwa zinawachosha.

"Mama amekufa ili yeye apate kutembea?" aliuliza msichana mmoja anayelelewa na shangazi yake. "Na akirudi nani atamwuliza alikuwa wapi?"

Swali hilo lilitukalia wiki kadhaa. Mzazi hai ni tatizo kwa mwandishi wa riwaya za safari, na ni tatizo la kweli, maana mama wa Goma hamruhusu mtoto wa miaka kumi na minne kwenda Gisenyi peke yake, sembuse kwenye mzingo wa Mshtarii. Wakajaribu mama mgonjwa, mama aliyefungwa, mama mlevi. Wenyewe wakazikataa zote. Mama mjinga walimkataa haraka zaidi. Mwishowe jibu lilitoka kwenye fizikia, na ninakiri nilifurahi kupita kiasi.

Mawimbi ya redio huenda kwa mwendo wa mwanga, kilomita 300,000 kila sekunde. Dunia na Mirihi zikiwa karibu kabisa, ujumbe hufika kwa dakika tatu hivi. Zikiwa mbali, upande huu na upande ule wa jua, huchukua kama dakika 22. Jibu nalo linataka dakika zake 22 za kurudi. Basi mama yupo, ni mzima, yuko Himbi, ana redio, anasema kila siku. Ila hawezi kukataza kitu kwa wakati. Mtoto anasema, "Mama, mlango wa ghala umegoma, nadhani nitaukata," na kabla sauti haijafika Himbi ameshaukata, na "Usiukate!" inamkuta akiwa ndani. Mtoto yuko huru na bado ana mama. Hakuna aliyeuawa.

Wakaanza kuandika. Kilikuwa kitabu chao cha kwanza, kwa Kiswahili, kwenye madaftari, halafu tukakipiga fotokopi kwenye sekretaria iliyo karibu na shule. Sehemu bora, na sisemi hivi kwa kuwa ni wanafunzi wangu, ni ujumbe wa mama. Maana waligundua kitu ambacho mimi sikuwa nimekifikiria: mama anayemjua mwanawe hangoji ripoti. Anatuma onyo mapema. Ujumbe unafika jioni, mtoto anausikiliza, mama anasema, "Najua kufikia sasa umechoka na unataka kuvua viatu. Usivivue. Na yule rafiki yako asikudanganye kwamba vipimo vimepona, angalia wewe mwenyewe." Aliutuma kabla ya chochote kuharibika. Msichana aliyeandika kipande hicho alimwazima shangazi yake kila neno.

Kuna jambo jingine ambalo huo ucheleweshaji wa redio ulilizaa, nalo ni hofu ya aina mpya kwenye hadithi. Mtoto anapata tabu, anaita, anajua hakuna jibu kwa karibu robo tatu ya saa. Afanye nini ndani ya muda huo? Riwaya nyingi za vijana hujaza nafasi kama hiyo kwa risasi na kufukuzana. Wao walijaza kwa kazi: kuhesabu oksijeni, kufungua mtambo, kugombana nani alipoteza bisibisi.

Vita nitaisema kwa kifupi. Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipouchukua mji, kikundi kilisimama; tuliporudi, viti kadhaa vilikuwa vitupu kwa sababu familia zilivuka mpaka au ziliteremka kusini. Nilidhani sasa wangeandika mapigano ya angani, au wasingetaka kuyasikia kabisa. Walichofanya ni kukagua. Tulikuwa na riwaya ambamo sayari nzima inateketezwa katika sura moja, na sura inayofuata mashujaa wanakula karamu. Kijana aliyewahi kuishi kwenye hema la wakimbizi Kanyaruchinya akanyoosha kidole. "Wakimbizi wa ile sayari wamepelekwa wapi?" Kitabu hakikuwa na jibu. "Wanapata maji wapi?" Hakuna. Akakifunga. Sijawahi kusoma uhakiki mkali kuliko huo, na tangu siku hiyo kila hadithi yetu ikilipua kitu, mwandishi analazimishwa kusema waliotoka walikwenda upande gani na walibeba nini.

Vivyo hivyo kwa mashine. Roketi ya kitabuni haiharibiki ila pale mwandishi anapotaka mshituko. Watoto hawa wameona kila kitu kikitengenezwa: simu, jenereta, redio, pikipiki, chukudu, ile skuta yetu ya mbao ya kubebea mizigo. Chombo kisicho na fundi wanakiona kama kitu cha dukani. Hivyo mtu anayependwa kuliko wote kwenye hadithi zao ni fundi wa chombo, mara nyingi msichana, mwenye mdomo mchafu kidogo, anayejua kipi kinaweza kufungwa kwa mpira na kipi hakiwezi. Nahodha wa kuzaliwa na unabii mgongoni, yule ambaye nyota zote zilimngoja, hawana muda naye.

Na vipuri vina asili. Tantali, metali iliyomo ndani ya kapasita za simu, hutoka kwenye madini ya koltani, na takriban asilimia 15 ya koltani ya dunia huchimbwa Rubaya, kule Masisi, safari ya siku moja kutoka hapa, barabara ikiwa nzuri. Mmoja wa wakubwa ana kaka aliyechimba huko. Katika hadithi yake kuna asteroidi yenye madini, na wachimbaji wake hulipwa kwa saa za oksijeni, ambazo wanazitumia kwa kuchimba. Hesabu aliiweka wazi, kwa tarakimu, ukurasa mzima: mchimbaji anavuta kiasi gani akipumzika, kiasi gani akipiga sururu, analipwa kiasi gani. Anapata hasara kila siku. Hakuandika hata neno moja la kulaani. Nilimshauri asiliongeze.

Wapo wazazi walioniuliza kama hizi roketi si ndoto za wazungu, kwamba bora niwape watoto vitabu vya biashara. Huwa nawasimulia kuhusu Shaba ya Kaskazini. Mei 1977, kampuni ya Kijerumani iitwayo OTRAG ilirusha roketi kutoka kwenye ardhi ya Zaire, kando ya mto Luvua, kwa mkataba na Mobutu. Ya tatu, Juni 1978, iliharibika mbele ya macho yake mwenyewe, na mwaka uliofuata mradi ukafungwa, nchi jirani na mataifa makubwa yakiwa yamepiga kelele za kutosha. Si habari ya kujivunia sana, kwa kuwa ardhi ilikuwa yetu na roketi ilikuwa yao. Lakini baba mmoja aliyezaliwa Kalemie aliposikia alinyamaza, akasema mzee wake alikuwa akisimulia moshi angani na wao watoto wakidhani anatunga.

Jules Verne tulimrudia kwa ajili ya puto. Riwaya yake ya 1863 inawarusha wasafiri watatu wa kutoka Uingereza, wakianzia Zanzibar, wanavuka Afrika wakiitazama kutoka juu. Vijana waliipenda mbinu ya kupandisha na kushusha puto kwa kuipasha joto haidrojeni, wakaitazama ramani, wakatafuta Kivu, ziwa letu. Haimo. Haikuwa kwenye ramani za Ulaya wakati ule. Msafiri wa Kijerumani, von Götzen, alipita huku baadaye, mwaka 1894. Wakatulia kidogo, kisha mdogo wetu kuliko wote akasema jambo lililonipendeza: "Sisi tungewaona wao." Wiki iliyofuata alileta ukurasa mmoja, wa mvuvi wa kisiwa cha Idjwi aliyeona kitu cha mviringo kikipita mbali na kuamua kwamba nyavu zake ni muhimu zaidi.

Sasa tuko kwenye kazi kubwa, na hapo ndipo nimekwama nao. Ni riwaya ya ziwa. Kivu ina kina cha mita 485 hivi, na chini yake, kwa mgandamizo wa maji, kumeyeyuka kama kilomita za ujazo 300 za kaboni dayoksaidi na 60 hivi za methani. Maji ya chini ni mazito, yana chumvi, hayapandi. Ndiyo maana gesi imetulia. Ziwa Nyos la Kamerun ni dogo sana likilinganishwa na letu, na usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 liligeuka, likatapika gesi yake, wakafa watu wapatao 1,700. Kila mtoto wa Goma amewahi kusikia hili kwa namna fulani, mara nyingi kwa namna mbaya, kama tishio la mhubiri. Nilitaka walijue kama wanavyojua kazi ya fundi.

Nikachora bomba. Unaliteremsha mita mia kadhaa, unasukuma maji kidogo mwanzoni. Yakipanda, mgandamizo unapungua, gesi inatoka kama mapovu, mapovu yanayainua maji, na kuanzia hapo yanapanda yenyewe, pampu inapumzika. Juu unatenganisha methani, unaichoma upate umeme. Upande wa Rwanda, karibu na Karongi, kituo cha megawati 26 kinafanya hivyo tangu mwisho wa 2015. Maji yaliyobaki lazima uyarudishe chini, tena kwenye tabaka linalofaa. Ukiyamwaga juu ovyo unavuruga mpangilio ule ule unaotulinda, na unaharibu chakula cha sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu.

Mambo yote ya riwaya nzuri yamo humo, bila kuongeza zimwi. Wameweka hadithi miaka themanini mbele. Goma ina mabomba mengi, umeme haukatiki, Bulengo ya zamani imekuwa bustani yenye mashine za kuvuta mazuku zinazopashwa joto na lava. Uongo mkubwa ni mmoja tu: mtambo unaokaa ndani ya kreta bila kuyeyuka. Mashujaa ni wanne. Mama wako hai wote, jambo linalofanya sura ziende polepole kidogo. Usiku mmoja bendera ya tahadhari inatoka njano kwenda rangi ya chungwa, vipimo vinaonyesha magma inasogea chini ya ziwa, na vijana hao wanne wako kwenye jukwaa la bomba, peke yao, na valvu kuu iko mbele yao.

Waifungue zaidi, gesi itoke haraka na ichomwe kabla lava haijafika? Au waifunge, wasije wakaliamsha ziwa wenyewe? Nimewaonyesha hesabu: bomba moja, hata likifunguliwa lote, usiku mmoja haligusi kilomita za ujazo 60. Wakubwa wanasema basi wafunge wakawaamshe watu. Wadogo wanasema riwaya ambayo shujaa anafunga bomba na kwenda kugonga milango haina utamu. Msichana wa shangazi ameleta pendekezo lake: wavuvi wako majini na mitumbwi yao iliyofungwa mitatu mitatu, taa zinawaka, hawajui lolote, na redio ya jukwaa inawafikia papo hapo, bila kuchelewa hata sekunde. Kwa hiyo nani anawaambia, na kwa maneno gani, wasije wakavuka wote kwa hofu na kuzamisha mitumbwi?

Wamepiga kura, sauti zikalingana. Wananitaka mimi niamue. Nimewaambia mimi ni mwalimu wa fizikia, valvu nimeshaichora, iliyobaki ni yao. Jumamosi ijayo yule wa Kibati ameahidi kumleta mjomba wake, anayevua sambaza Kituku, aje aulizwe: akipigiwa simu saa nane usiku na watoto wanne asiowajua, atafanya nini?